Mwezi wa Ukutani kwa Bi Lubna

Mwaka jana mtaa mmoja wa Mkomani ulikula Idi siku moja kabla ya watu wote, na aliyewalisha alikuwa Abdulqadir fundi saa.

Si kwamba alikusudia, hasha. Abdulqadir ni mtu wa swala zake tano, na ulimi wake haujui uwongo. Lakini mtu akishakula biriani mchana wa Ramadhani, tena kwa takbira na kanzu mpya, hataki kusikia habari za kukusudia. Anataka wa kumlaumu. Na wa kumlaumu alikuwa pale pale kichochoroni, dukani kwake, mlango wazi, miwani puani, anafungua saa za watu.

Mambo yalianza hivi. Msikiti wao una desturi ya tangu na tangu ya kuutazamia mwezi wenyewe, bila kungoja redio. Jioni ya mwezi ishirini na tisa, wanaume wawili waaminifu hupanda juu ya paa la msikiti, wakatazama magharibi juu ya minazi ya nyuma ya mji. Wakiuona mwezi, humwambia imamu wao, Maalim Alwi, na kesho yake ni Idi. Wasipouona wote wawili, watu hutimiza thelathini, basi. Kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walikuwa Abdulqadir na jirani yake Hamid, mshona kofia, rafiki yake tangu wakiwa chuoni wanasoma juzuu.

Na darubini ilikuwa ya Abdulqadir. Wala haikuwa ya kutazamia nyota, ilikuwa ya bunduki! Babu yake alikuwa na leseni ya kuwinda nyati upande wa bara. Uwindaji ulipopigwa marufuku bunduki ikarudishwa serikalini, darubini yake ikasahauliwa ndani ya kasha, imeviringishwa kanga. Ni mrija mweusi wa shibiri moja, na ukichungulia ndani unaona mistari miwili imekatana katikati, ya kulengea.

"Tuangalie mwezi wa Ramadhani kupitia msalaba?" Maalim Alwi alimaka siku ya kwanza alipoonyeshwa.

"Maalim, hiyo ni alama ya kujumlisha," alijibu Abdulqadir. Maalim akacheka, na kwa kuwa alicheka, jambo likapita.

Jioni ile ya mwaka jana kulikuwa na utando wa mawingu. Abdulqadir alichungulia, akauona mwezi ubavuni mwa mistari, mwembamba, safi, umepinda kama unavyotakiwa. Moyo ukamruka. Akampa Hamid darubini, Hamid akachungulia, akasema, "Subhanallah." Mashahidi wawili! Wakashuka mbio, Maalim akawapokea, takbira zikaanza, na akina mama wakaingia majikoni na furaha yao.

Kesho yake, saa nne asubuhi, watu wamekaa kwenye sinia, Rania akaikuta darubini dirishani. Rania ni bintiye Abdulqadir, mwalimu wa chekechea, msichana asiyeweza kuona kitu asikishike. Akaielekeza nyumba ya jirani.

"Baba, mwezi uko ukutani kwa Bi Lubna."

Abdulqadir akacheka mdomo umejaa.

"Sichezi, Baba. Uko na kwenye tangi la maji. Na huyu paka naye anao."

Akaichukua. Akatazama ukuta wa Bi Lubna: mwezi. Akatazama mlango wake mwenyewe: mwezi. Akaielekeza dari, akaielekeza miguu yake, na kila alipotazama ulikuwepo, mwembamba, safi, umepinda kama unavyotakiwa. Akainuka. Alikwenda kwa Maalim na mkono bado una wali.

Ilikuwa aibu ya mwaka. Watu wakanawa mikono, wakajizuia na chakula mpaka magharibi, na baadaye kila mmoja akalipa kadha ya siku moja. Jamaa wa Kizingitini, waliokuwa wamefunga na hawana habari, walipiga simu kuuliza mwezi wa Mkomani uliagizwa wapi, kwani nao wangependa mmoja. Bi Lubna naye, mama wa maneno, alisimama barazani kwake na kutangaza, "Atakao mwezi na aje kwangu! Ukutani upo mwaka mzima!"

Hayo yote Abdulqadir aliyameza. Utani ni utani. Kilichomkaa kooni ni Hamid. Hamid hakumtania wala hakumgombeza. Alikuja dukani siku moja tu, akasimama mlangoni na kofia yake nusu imeshonwa.

"Miaka sitini sijasema uwongo mbele ya Maalim," alisema. "Weye ndiwe uliyenisemesha."

Tangu siku hiyo akahamia daka la upande wa pili, kibaraza cha mlangoni, kushona kofia zake, mgongo umeelekea duka la Abdulqadir. Mgongo ule alikuwa akiuona kila alipoinua kichwa, na ulimuuma, wallahi ulimuuma.

Mwezi wa Rajabu ulipoingia, Maalim Alwi alimwita.

"Msikiti utanunua darubini mpya," alisema. "Watu wameshachanga. Na atakayeichagua ni weye."

"Mimi, Maalim? Baada ya yale?"

"Baada ya yale, ndiyo. Weye ndiwe fundi wetu. Lakini ukikosea mara hini, Bwana Abdulqadir, usirudi tena juu ya paa. Ushahidi wako nitakuwa siupokei, na si wa mwezi peke yake."

Abdulqadir alirudi dukani akijiuliza. Mtu ambaye neno lake halipokelewi hata kwenye ndoa ya jirani, huyo ana nini tena mjini?

Wiki hiyo hiyo alikuja Murithi. Murithi ni kijana wa Meru, askari wa wanyamapori wa upande wa bara, na kazi yake ni nyati na viboko wanaoingia mashambani. Huwapiga sindano ya usingizi kwa bunduki. Saa yake ilikuwa imejaa ukungu ndani ya kioo, kama saa zote za mahali penye bahari.

"Raba ya kuzuia maji imekufa," Abdulqadir alimwambia, akiifungua. "Ukishaona mvuke ndani ya kioo, jua chumvi nayo iko njiani."

Murithi alikuwa ameiokota ile darubini ya babu juu ya meza. Akaichungulia, akatabasamu. "Fundi, hii ya bunduki umeitoa wapi? Ina kuvu ndani."

Abdulqadir akamsimulia kisa chote. Murithi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akaona uso wa mzee, akajikaza.

"Samahani, mzee wangu. Lakini ngoja nikuambie. Hii mistari imechorwa juu ya kioo kidogo kilichoko katikati, pale pale picha inapotua. Uchafu ukiwa kioo cha mbele, hutauona. Ukiwa kwa hicho cha mistari, utauona kama umechorwa kwa wino. Hewa ya bahari imeingia, kuvu imeota uzi mmoja, basi. Mkiwa watu kumi mkichungulia hapa, nyote kumi mtaona mwezi."

"Tulikuwa wawili," alisema Abdulqadir polepole.

"Mlikuwa wawili, kioo kimoja."

Maneno hayo yalimchoma. Yeye, ambaye kutwa huwaambia watu habari za raba na chumvi, hakuwahi hata siku moja kuitazama raba ya darubini yake mwenyewe. Alikuwa akiipangusa kwa nje tu, kwa kitambaa cha hariri!

"Sasa niambie," alisema. "Ungekuwa ni weye unanunua, ungetazama nini?"

Murithi akavuta kigoda. Ukimuuliza askari habari za bunduki yake, funga duka.

"Watu wanauliza kitu kimoja tu: inavuta mara ngapi? Hilo ni swali la mwisho. Ukivuta sana, giza linaingia ndani, na mkono ukitetemeka kidogo nyati anacheza ngoma. Mimi naangalia mambo mawili. La kwanza, kioo chenyewe. Tazama jioni, jua likishatua, maana mchana kila kioo ni kizuri. Tazama ukingo wa kitu cheupe: ukiona rangi ya zambarau pembeni, kioo kinakudanganya. La pili, ugumu. Gari langu linaruka mashimo kutwa. Darubini inaanguka, inanyeshewa, na nikiinua bunduki inatakiwa iwe vile vile. Mimi nikimkosa nyati, mzee, nyati hanikosi."

"Na kati ya mawili hayo, lipi kubwa?"

"Kioo kizuri kilichoingia maji kina faida gani? Na jiwe lisiloingia maji, ukilichungulia utaona nini?" Murithi akavaa saa yake. "Utafute yote mawili. Na usiogope kuitia kwenye ndoo."

Wa kuleta mali alikuwa Yassir, kijana mwenye duka la simu na miwani karibu na gati. Alikwenda Mombasa, akarudi na darubini tatu, na siku hiyo duka la Abdulqadir halikuwa na pa kuweka mguu. Kila mwanamume wa mtaa alikuwa mjuzi wa darubini.

Ya kwanza, jamani, ilikuwa bibi harusi. Kubwa, nyeupe, ina miguu mitatu na pete za rangi ya dhahabu, na kwenye boksi imeandikwa mara mia moja.

"Hii ndiyo yenyewe!" watu walisema. "Kizingitini wataiona mpaka kule waliko."

Na tuseme kweli, Abdulqadir naye aliitamani. Alijiona juu ya paa, amesimama nyuma ya dude lile, na mtaa mzima chini umenyamaza. Nani angemcheka mtu mwenye mara mia moja? Ya pili ilikuwa imevikwa mpira mzito kama tairi. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya macho mawili, kijivu, haina lolote la kumvutia mtu. Yassir mwenyewe aliiacha ndani ya mfuko.

"Imeandikwa haziingii maji, zote," alisema Yassir kwa fahari.

"Vyema," alisema Abdulqadir. "Rania, lete ndoo. Maji ya bahari."

Uso wa Yassir ulibadilika. "Ami Abdulqadir! Hiyo ni kuandika tu, ami!"

"Kama ni kuandika tu, wafute."

Zote tatu zikaingia ndooni, watu wamejikunyata wamezunguka kama wanaosubiri pweza aive. Zikakaa hapo toka adhuhuri mpaka alasiri. Zilipotolewa, bibi harusi alikuwa na machozi: kioo chake kimefunikwa mvuke kwa ndani, na ukiitikisa unasikia maji yanasema chubwi. Yassir alikaa chini, mkono kichwani, na watu wakaanza kumcheka, lakini Abdulqadir akawakatiza. Kwa siri alikuwa anacheka na nafsi yake, maana alikuwa karibu aichague.

Mbili zilizobaki zilikuwa kavu. Akaziangusha kutoka ngazi ya tatu, moja moja, huku Yassir amefumba macho. Zikaokotwa salama. Basi saa kumi na mbili na nusu akaenda nazo ufukweni, yeye na Rania. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye gati la Manda, kuna kibao. Kwa ile ya mpira, kibao kilikuwa doa la kijivu, na kanzu nyeupe ya mtu aliyepita ilikuwa na ukingo wa zambarau, kama imefuliwa na nguo ya rangi. Ngumu ilikuwa ngumu, lakini jiwe ni jiwe.

Akainua ile ndogo.

"Unaona nini, Baba?"

Hakujibu mara moja. Aliona kibao, akaona herufi zake, akaona na msumari uliolegea kwenye pembe, na jua lilishazama. Ilikuwa kana kwamba mtu amerudisha nusu saa ya mchana. Ilivuta mara nane tu.

"Naona kazi ya fundi," alisema, na akampa Rania naye atazame.

Kabla ya kuipeleka msikitini aliifanyia kipimo kimoja ambacho Murithi hakumfundisha. Asubuhi jua lilipochomoza alisimama dirishani, akaielekeza ukuta wa Bi Lubna, mweupe, mkavu, umepakwa chokaa, akautazama pembe hadi pembe. Hapakuwa na uzi, hapakuwa na nukta. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla ya chai, aliutazama ukuta ule, mpaka Bi Lubna akauliza kwa sauti kama kuna mtu anataka kuposa.

Mtaani watu walinung'unika. Mchango wote ule, kimeletwa kijidude cha mara nane? Hamid alisikia, akatia uzi sindanoni.

Ramadhani ikaja, ikaenda zake, siku nzuri, ikafika ishirini na tisa. Baada ya alasiri Maalim Alwi alipita dakani kwa Hamid, akamwambia kitu kwa sauti ndogo. Hamid alikunja kofia yake, akainuka. Kwa Maalim hakuna anayesema hapana.

Walifuturu kwa tende na maji juu ya paa, wakaswali, kisha wakakaa, Abdulqadir upande huu, Hamid upande ule, katikati yao pengo la kukaa watu watatu. Chini, uani na kichochoroni, watu walikuwa wanasubiri shingo zimeinuka. Bi Lubna alikuwa barazani kwake. Mawingu yalikuwa machache, mbingu imebaki rangi ya samli.

Abdulqadir aliinua darubini, akaipitisha juu ya minazi polepole, kulia, kushoto, akarudi. Na pale, juu ya mnazi uliopinda, akauona.

Hakupiga kelele. Aliiegemeza mikono ukutani mwa paa. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa chini waliliona wakashangaa: akageuka, akaupa mwezi mgongo, akaitazama nyumba ya Bi Lubna kupitia darubini. Akahesabu pumzi tano. Akageuka tena magharibi. Ulikuwa bado upo, umeshuka kidogo, kama mwezi wa kweli unavyoshuka.

"Umeuona?" aliuliza Hamid. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Abdulqadir tangu siku ile.

"Nimeuona."

Hamid akanyoosha mkono aipokee darubini, uso umekazwa, kama mtu anayepokea dawa chungu.

"Sikupi," alisema Abdulqadir.

"Hunipi?"

"Mwaka jana tulikuwa wawili, kioo kimoja. Haukuwa ushahidi ule, Hamid. Nilikutia makosani mimi. Mara hini tazama kwa mato yako, bila kioo. Wauona mnazi uliopinda? Panda juu yake vidole viwili. Kushoto kidogo."

Hamid alitazama. Alikunja uso, akapangusa macho, akatazama tena.

"Sioni kitu," alisema Hamid.

Moyo wa Abdulqadir ulianguka. Ulikuwa pale! Aliuona kwa ile darubini wazi kama mkono wake! Angempa tu, kwa nukta moja tu, na mambo yangekwisha, na mtaa wote ungejua kwamba Abdulqadir safari hii amesema kweli. Aliishika darubini mpaka vidole vikauma.

"Basi," alisema. "Kama hujauona, hujauona. Tutashuka tuseme ni mtu mmoja. Kesho tutafunga."

"Na weye umeuona?"

"Nimeuona. Na kesho nitafunga pamoja na wenzangu. Uwongo sikusemeshi tena."

Hamid alimgeukia, akamtazama yeye badala ya mbingu. Kisha akasogea. Akalijaza lile pengo la watu watatu, akakaa bega kwa bega naye, akaegemeza kichwa karibu na cha Abdulqadir, aone kutokea pale pale alipoonea yeye. Mbingu ilikuwa inazidi kukolea.

"Mnazi uliopinda," alinong'ona Hamid. "Vidole viwili. Kusho..."

Akamshika Abdulqadir goti, akalibana.

"Haya! Uwo! Uwo pale! Abdulqadir, uwo!"

Wakashuka ngazi wameshikana, wazee wawili, nusura waanguke. Maalim Alwi alikuwa amesimama chini, tasbihi mkononi.

"Mmeuona?"

"Tumeuona."

"Kwa kitu gani?" aliuliza Maalim, na macho yake yalikuwa kwa Abdulqadir.

Abdulqadir alifungua mdomo, lakini Hamid alimtangulia. "Yeye kwa kioo, Maalim, na mimi kwa mato yangu matupu. Na kioo chake nakishuhudia. Kabla ya kuniambia neno, alikipima kwanza."

"Nimeupokea," alisema Maalim Alwi. "Ushahidi wa wote wawili."

Takbira ikaanza mbele, ikashikwa nyuma, ikaenda kichochoro kwa kichochoro. Katikati ya takbira ikasikika sauti ya Bi Lubna kutoka barazani, imepanda juu ya sauti zote.

"Na ukutani kwangu, je?"

"Hakuna kitu, Bi Lubna!" Hamid alimjibu kwa sauti kubwa, na hapo akaangua kicheko, kicheko chake kile cha zamani ambacho Abdulqadir hakukisikia mwaka mzima, mpaka kofia ikamdondoka. Abdulqadir aliinama akaiokota, akaipangusa vumbi, akamvisha. Machozi yalikuwa yanamtoka naye wala hakuyaficha.

"Haya sasa," alisema Hamid, akinyoosha mkono. "Nipe hiyo darubini na mimi niutazame vizuri."

Abdulqadir akampa.